Naomba ushauri: Mama anakuja kutoka Lushoto, nimpeleke Alpi za Uswisi mwezi gani, na atakula nini kule?

BintiUsambara:
Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Tunaishi Freiburg, kusini mwa Ujerumani, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Mama yangu anakuja kututembelea. Viza yake ni ya siku 90, anafika mwanzoni mwa Septemba na kuondoka mwishoni mwa Novemba. Ana miaka 67, anatumia dawa za presha, goti la kulia humsumbua akishuka mteremko, lakini ni Msambaa wa milimani hasa. Kupanda si tatizo, na baridi ya Lushoto ameizoea tangu utotoni.

Tangu nilipomtumia picha za Alpi haachi kuziulizia. Tumechagua upande wa Interlaken, yaani Lauterbrunnen, Grindelwald na vijiji vya hapo, kwa sababu tunataka mahali tunapoweza kurudi na watoto majira mengine. Tutakaa siku nne au tano.

Ugomvi wa nyumbani ni mwezi. Mume wangu anasema Novemba, vyumba vina bei nafuu na huenda Mama akaona theluji. Mimi moyo wangu uko Septemba. Jambo la pili ni chakula. Sisi ni Waislamu na Mama hali nyama asiyoijua ilikochinjwa. Sitaki akae siku zote anakula chipsi na mkate. Nisaidieni.

KijanaWaThun:
Dada, Novemba hapana. Naishi karibu na huko na nakwambia kwa nia njema kabisa. Huo ndio mwezi milima inapumzika. Watalii wa kiangazi wameondoka, wa skii hawajafika, kwa hiyo magari mengi ya waya hufungwa ili yafanyiwe ukaguzi na matengenezo, na hoteli na migahawa mingi vijijini hufunga ili wafanyakazi waende likizo. Chini bondeni ukungu unaweza kukaa siku nzima. Bei ni nafuu kwa sababu hakuna cha kufanya. Aprili mpaka katikati ya Mei pia ni hivyohivyo.

Septemba, hasa kuanzia katikati, ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mtu mzima. Radi za mchana za Julai na Agosti zimepungua, hewa imetulia, milima inaonekana mpaka mbali, na njia karibu zote bado ziko wazi. Treni ya meno ya kupanda Schynige Platte, inayofanya kazi tangu 1893, hufunga baadaye mwezi wa Oktoba na haifunguliwi mpaka Juni. Maporomoko ya Trümmelbach nayo hufungwa majira ya baridi. Hayo usimkoseshe Mama. Maji ya barafu ya vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau yanapita ndani ya mwamba, mpaka lita 20,000 kwa sekunde, na unapandishwa kwa lifti iliyochongwa humohumo mlimani. Ngazi zimelowa, mshike mkono. Mtoto chini ya miaka 4 haruhusiwi, wenu wa 5 ataingia.

Kaeni Lauterbrunnen au Interlaken, si juu. Kutoka Freiburg kuna ICE, treni ya kasi ya Kijerumani, inayokwenda moja kwa moja mpaka Interlaken Ost. Ukienda kwa gari, jua kwamba Wengen na Mürren hayaingii magari, utaliacha Lauterbrunnen na kumalizia kwa treni.

Nesi_Kisumu:
Hapo kwa presha naomba mnisikilize. Mimi ni nesi hapa Ujerumani.

Watu wengi wakifika huko wanakimbilia Jungfraujoch siku ya kwanza. Kituo kile cha treni kiko mita 3,454. Kwa wale wanaojua Kilimanjaro, hapo ni chini kidogo tu ya kambi ya Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, mwili umeshaanza kuzoea, lakini kule treni inakupandisha asubuhi moja ukiwa umekaa. Hewa ya pale ina oksijeni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Kijana anaweza kuumwa kichwa tu. Mama wa miaka 67 mwenye presha lazima aonane na daktari kabla, aeleze wazi urefu anaokwenda, na dawa zake zikae kwenye mkoba anaoubeba, si kwenye sanduku hotelini.

Daktari akikubali, muweke siku ya tatu au ya nne, baada ya kulala bondeni na kushinda kwenye mita 2,000 hivi. Akiwa juu atembee polepole, anywe maji, asipande ngazi kwa haraka. Akianza kizunguzungu, kichefuchefu au kifua kubana, shukeni na treni inayofuata, msisubiri picha. Namba ya ambulensi Uswisi ni 144, na 112 pia inafanya kazi.

Na hakikisha bima yake ya safari ni ile ya Schengen nzima. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye Schengen, viza yake inatosha.

BintiUsambara:
Asanteni sana. Nesi, nitampigia daktari wetu wiki hii. Je, kuna sehemu ya chini zaidi yenye uzuri uleule, endapo daktari atakataa?

KijanaWaThun:
Zipo, na kwa maoni yangu zinaishinda Jungfraujoch. Kule juu kabisa unasimama ndani ya theluji na watu wengi, na tiketi ya mtu mzima kwa bei kamili kutoka Interlaken inapita faranga 200 msimu wa joto. Mpeleke Männlichen, kama mita 2,230. Unapanda kwa gari la waya kutoka Wengen au Grindelwald, halafu kuna njia pana inayokwenda Kleine Scheidegg, saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida, Eiger ikiwa mbele yenu muda wote. Ukianzia Männlichen inateremka taratibu, kwa goti lake chukueni fimbo za kutembelea. Kleine Scheidegg mnapanda treni kurudi.

Njia zote zina vibao vya njano vyenye saa za mwendo. Mkiona alama nyeupe-nyekundu-nyeupe kwenye mawe, hiyo ni njia ya mlimani, inataka viatu imara na miguu isiyotetereka. Nyeupe-buluu-nyeupe msiiguse.

Kuhusu hali ya hewa, usinunue tiketi ya mlimani jana yake. Amka asubuhi, angalia kamera za vilele zinazoonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, ndipo uamue. Mawingu yakiwa yamefunika juu, siku hiyo iwe ya ziwa. Pandeni meli ziwa Brienz, maji yake yana rangi ambayo Mama hataisahau.

MpishiBonde:
Assalaam alaykum dada yangu. Nafanya kazi jikoni hotelini upande huo kwa miaka mingi, asili yangu Pemba. La chakula niachie mimi.

Kwanza fondue. Wageni wengi Waislamu wanaiagiza wakidhani ni jibini tupu. Fondue ya kawaida hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi huongezwa kirsch, ambayo ni pombe kali ya cheri. Baadhi ya jikoni hupika ya juisi ya tufaha ukiwaambia mapema, kwa hiyo piga simu unapoweka nafasi, usingoje mpaka umekaa mezani. Raclette ni salama zaidi. Ni jibini inayoyeyushwa na kumwagiwa juu ya viazi vilivyochemshwa na maganda, pamoja na matango na vitunguu vya siki. Hakuna mvinyo ndani yake, ila waambie wasiweke nyama pembeni.

Rösti ni viazi vya kukwangua vinavyokaangwa vikawa kama chapati nene, na Mama ataipenda, lakini kwa mtindo wa Bern mara nyingi inaingia nyama ya nguruwe au mafuta yake. Sema "ohne Speck, mit Butter", yaani bila nyama ya nguruwe, kwa siagi. Älplermagronen, makaroni na viazi kwa krimu na jibini, huliwa na tufaha lililopondwa. Nayo uliza Speck. Supu ya shayiri karibu kila mahali ina nguruwe. Samaki wa ziwani ni chaguo zuri, uliza tu kama mchuzi wake umetiwa mvinyo, na uombe wa siagi na limau. Watamtengenezea bila kinyongo, sisi jikoni tunapenda mgeni anayesema mapema.

Nyama. Uswisi ilipiga marufuku tangu 1893 kuchinja ng'ombe, mbuzi au kondoo bila kumzimisha fahamu kwanza. Nyama nyingi ya halali unayoiona inatoka nje. Interlaken ina migahawa ya Kihindi na ya Kiarabu inayotangaza halali, lakini ukipita kwenda vijijini juu inakwisha. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningepanga nyumba yenye jiko, na ningebeba nyama kutoka kwa mchinjaji wenu wa Freiburg. Forodha inaruhusu kilo 1 kwa kila mtu kwa siku bila ushuru. Ninyi ni watano, hizo kilo 5 zinawatosha.

Halafu fanya hivi. Kando ya njia nyingi za kutembea kuna sehemu za kuchomea nyama za umma, zina mawe, wavu na benchi, nyingine hata kuni zimepangwa. Paka nyama tangawizi, kitunguu saumu na ndimu usiku, ichomeni huko mchana mkitazama maporomoko. Kukiwa na ukame serikali ya jimbo hukataza moto, tazama tangazo kabla.

La mwisho, saa za jikoni. Vijijini chakula cha moto cha mchana huisha saa 8, cha jioni huanza saa 12 na saa 3 usiku jiko limefungwa. Kila mgahawa una siku yake ya kupumzika. Ukiona kibao "durchgehend warme Küche", hapo wanapika mfululizo.

MutotoWaBukavu:
Dada, mimi niko Geneva. Kwa Mama nakubali Septemba, lakini watoto usiwanyime majira ya baridi. Januari na Februari si lazima mtu ajue skii. Juu ya Grindelwald kuna njia ya sleji, kile kiti cha kuteleza kwenye theluji, inayoanzia kilele cha Faulhorn, kilomita 15 mpaka kijijini, ila kuifikia ni kutembea kwa mguu saa mbili na zaidi kutoka First, kituo cha gari la waya. Kwa wenu anzeni na zile fupi. Kuna pia njia za kutembea kwenye theluji iliyoshindiliwa, vibao vyake ni vya waridi. Katikati ya Januari Wengen hujaa watu kwa mashindano ya Lauberhorn, wiki hiyo vyumba ni shida.

Na hiyo Septemba yenu, ulizeni ofisi ya utalii siku ng'ombe wanapoteremshwa kutoka malishoni. Wanavikwa maua kichwani na kengele kubwa shingoni, kijiji kizima kinatoka nje. Bonde la Justistal, juu ya ziwa Thun, siku hiyo wanagawana jibini ya msimu mzima, kila mwenye ng'ombe kwa kadiri ya maziwa ng'ombe wake aliyotoa. Kwetu Kivu tumekua na ng'ombe, nilipoona ule mgawo nilisimama pale mpaka mwisho. Mama yako atauelewa bila mkalimani.

BintiUsambara:
Nimewasomea Mama na mume wangu kwa simu, wote wamekubali. Tunakwenda wiki ya tatu ya Septemba, nyumba yenye jiko Lauterbrunnen. Jungfraujoch itategemea daktari, na hata akiruhusu Mama mwenyewe amesema anataka Männlichen na ng'ombe kwanza. Watoto tumewaahidi Februari.

Mpishi, swali moja limebaki. Mama anataka kubeba jibini ya milimani mpaka Lushoto. Itafika salama?

MpishiBonde:
Chukua Hobelkäse, ile ngumu iliyokaa muda mrefu na kukwanguliwa vipande vyembamba. Kavu kama ile haiharibiki njiani. Nunua kipande kizima, kifungwe bila hewa, kiwekwe ndani ya sanduku. Muulize muuzaji kama rennet yake, yaani kigandisha maziwa, ni ya ndama, ili Mama aamue mwenyewe. Na sheria za kuingiza vyakula vya maziwa Tanzania ziulizie kabla hajapanda ndege.

BintiUsambara:
Allah akulipe kheri. Nitamtafuta muuzaji hukohuko Justistal.