Admirali William Leahy: alistaafu mwaka 1939, ilikuwaje akarudi juu zaidi?

Msafiri wa Vitabuni

Salaam kwenu nyote. Katika ile picha mashuhuri ya mkutano wa Yalta, huko Krimea, wa Februari 1945, ambapo Churchill, Roosevelt na Stalin wameketi huku wasaidizi wao wakiwa wamesimama, nyuma ya kiti cha Roosevelt yupo mzee aliyevaa sare ya wanamaji, uso mkavu kama karani aliyechoshwa na hesabu. Nimekuja kufahamu kuwa huyo ni Admirali William Leahy wa Marekani, na kwamba zaidi ya miaka mitano kabla ya picha hiyo alikuwa amekwisha kustaafu kwa sababu ya umri. Baada ya kustaafu akawa gavana wa Puerto Rico, kisha balozi nchini Ufaransa, kisha akarejea Ikulu akiwa na madaraka makubwa kuliko yale aliyoyaacha. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, vyeo hivyo vya kiraia vilikuwa zawadi ya rais kwa rafiki yake, au palikuwa na kazi ya kweli ndani yake? Na mtu aliyezoea kutoa amri melini huyawezaje mambo ya raia?

Nahodha wa Zamani

Ndugu Msafiri, urafiki ulikuwepo, na hakuna haja ya kuuficha. Mwaka 1915 Leahy alikabidhiwa meli ndogo ya serikali iliyoitwa Dolphin, ambayo ilikuwa ikiwachukua viongozi wa wizara katika safari zao. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo Franklin Roosevelt, kijana aliyekuwa Naibu Waziri wa Jeshi la Wanamaji. Aliyewahi kukaa melini anajua kwamba huko hakuna pa kumkimbilia mwenzako: baada ya siku chache mtakuwa mmechokana au mmekuwa marafiki. Hao wawili wakawa marafiki, na urafiki huo ukadumu miaka thelathini.

Hata hivyo, usidhani kwamba Leahy alikuwa mtu wa usukani tu. Alizaliwa Iowa mwaka 1875, mbali kabisa na bahari, na kwanza alitamani kuwa askari wa nchi kavu. Nafasi ya kuingia West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu, ilipokosekana ndipo akaenda Annapolis, chuo cha wanamaji, akahitimu mwaka 1897. Mwaka uliofuata alikuwa ndani ya manowari Oregon ilipozunguka Amerika ya Kusini kutoka upande wa Pasifiki ili kuwahi vita dhidi ya Hispania, na alishuhudia mapigano ya Santiago ya Cuba. Hiyo ndiyo sehemu inayopendwa na wasimulizi. Mimi huona kwamba miaka yake muhimu zaidi ilipita mezani. Kuanzia 1927 hadi 1931 aliongoza idara ya silaha na baruti, na kuanzia 1933 hadi 1935 aliongoza idara iliyoitwa ya Uabiri. Jina lisikupotoshe, kwa maana kazi kubwa ya idara hiyo ilikuwa watumishi: nani apandishwe cheo, nani ahamishwe, nani apewe meli gani. Mtu aliyepita hapo amekwisha kusikia kila aina ya lalamiko, ameandika barua za kukataa kwa adabu, na ametetea bajeti mbele ya wabunge. Mwaka 1937 alipofanywa Mkuu wa Operesheni za Jeshi la Wanamaji, yaani mwanajeshi mkuu wa wanamaji wote, ofisi hazikuwa ngeni kwake hata kidogo.

Mwalimu wa Historia

Naongezea alipoishia Nahodha. Ukitazama kwa makini, kila cheo cha kiraia alichopewa Leahy kilikuwa na bahari ndani yake. Alistaafu Agosti 1939 akiwa na miaka 64, na mwezi uliofuata, wakati vita vikianza Ulaya, akaapishwa kuwa gavana wa Puerto Rico. Zama hizo gavana aliteuliwa na rais, kwani wananchi wa kisiwa hicho hawakumchagua gavana wao wenyewe hadi mwaka 1948. Washington ilitaka vituo vya kijeshi vijengwe upesi ili kulinda njia za Karibi zinazoelekea kwenye Mfereji wa Panama, na ilihitaji mtu ambaye angeelewa michoro ya gati bila kufasiriwa. Wenyeji walimtania kwa kumwita “Almirante Lija”, yaani Admirali Msasa, wakicheza na matamshi ya jina lake, ingawa wapo wanaomhesabu miongoni mwa magavana wa Kimarekani wasiokuwa wakali sana.

Ubalozi wa Ufaransa ulikuwa mgumu zaidi. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani, na serikali ya Marshali Pétain ilikuwa imehamia mji wa Vichy. Leahy aliwasilisha hati zake Januari 1941, na katika yote aliyotumwa, kubwa lilikuwa hili: merikebu za kivita za Ufaransa zisiangukie mikononi mwa Wajerumani. Pétain alikuwa mwanajeshi mzee wa miaka 84, na nadhani Roosevelt alikisia kwamba angemsikiliza mwanajeshi mwenzake kuliko mwanadiplomasia wa kawaida. Aprili 1942 Pierre Laval, aliyeegemea upande wa Ujerumani, alirudishwa kuongoza serikali, na Leahy akaitwa nyumbani. Siku hizohizo mkewe, Louise, alifariki hapohapo Vichy baada ya upasuaji, na admirali akarejea Marekani na jeneza lake. Novemba mwaka huo Wafaransa walizizamisha meli zao wenyewe bandarini Toulon, Wajerumani wasizipate.

Mdadisi

Mwalimu, kwa heshima zote, shikamoo, lakini simulizi hii inamsafisha mno. Meli za Toulon zilizamishwa Leahy akiwa amekwisha kuondoka, na amri ilitoka kwa wakuu wa wanamaji wa Ufaransa. Huko Vichy alimwamini Pétain kupita kiasi, na alimdharau de Gaulle, jenerali aliyewaongoza Wafaransa waliokataa kusalimu amri, mtu ambaye baadaye ndiye aliyeishika nchi. Kisha, mwaka 1945, alimwambia Rais Truman, aliyemrithi Roosevelt, kwamba bomu la atomiki halitalipuka, akijinasibu kuwa yeye ni mtaalamu wa baruti. Kama si urafiki wa Dolphin, nani angempa mtu huyu nafasi pembeni mwa rais?

Nahodha wa Zamani

Ndugu Mdadisi, kuhusu bomu sina utetezi. Alikosea, na hakulificha kosa hilo. Kuhusu nafasi ya Ikulu, hata hivyo, pendekezo lilitoka kwa Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu. Katika kamati ya wakuu wa majeshi walikuwa wamebaki watatu: Marshall mwenyewe, Arnold wa ndege, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya jeshi la nchi kavu, na King wa wanamaji. King alijiona mmoja dhidi ya wawili, na alikuwa mtu wa hasira. Marshall aliona kwamba mwenyekiti akiwa mwanamaji asiye na kikosi anachokipigania, King angetulia. Julai 1942 Leahy akawa Mnadhimu Mkuu wa Amiri Jeshi Mkuu. Hakuwa na meli wala askari wa kuamrisha. Alikuwa na ofisi Ikulu na mafaili aliyompelekea rais asubuhi, kisha akarudi kwa wenzake na majibu. Desemba 15, 1944 alikuwa wa kwanza kupewa nyota tano, cheo cha juu kabisa jeshini wakati huo, Marshall akafuata siku moja baadaye, na King siku iliyofuata.

Msafiri wa Vitabuni

Nawashukuru. Nina moja la mwisho: Roosevelt alipofariki Aprili 1945, mbona rafiki wa marehemu hakuondoka?

Mwalimu wa Historia

Alikuwa tayari kuondoka, na Truman akamwomba abaki. Hawakuwa wamesafiri pamoja melini wala hawakuwa na urafiki wa zamani, lakini Leahy ndiye aliyejua yaliyoahidiwa Yalta na maneno yaliyotumika, maana alikuwapo. Alikaa hadi Machi 1949. Agosti mwaka huo sheria ikaunda cheo cha Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, na aliyekishika kwanza ni Jenerali Omar Bradley.