Mafundi, taa ya cheki injini siyo kibali cha kung'oa masega ya watu!

Wakuu habari zenu. Naomba niseme leo kuhusu masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi (catalytic converter), maana nikinyamaza nitapasuka.

Nina Toyota IST ya mwaka 2003, injini 2NZ, cc 1300. Juzijuzi ikawasha taa ya cheki injini, ikaanza kubugia mafuta, na ukisimama nyuma yake asubuhi unasikia harufu ya petroli mbichi. Nikaipeleka gereji moja huku Tabata, Dar es Salaam, sitaitaja jina. Fundi akachomeka kimashine chake, akakitupia jicho, boneti hata hakufungua. Hukumu ikatoka hapohapo: "Bosi, masega yameziba. Tukate tuyatoe, gari itavuta balaa."

Nikamuuliza mashine imeandika nini. Akaanza kuzungusha maneno. Nikamuuliza bei.

"Aah bosi, wewe ni mtu wetu, hiyo nakufanyia bure. Utawatoa vijana soda tu."

Bure! Fundi ambaye kukaza nati ya betri anakuchaji elfu tano, leo anajitolea kuingia uvunguni na grinda, akate bomba, akwangue, achomelee, halafu bure? Nikachukua funguo yangu nikaondoka.

Kwa wasiojua, yale masega ndani ya ekzosi yamepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Hiyo rodi mwaka 2021 wakia moja ilipita dola 20,000, zaidi ya mara kumi ya dhahabu. Baadaye bei ilishuka sana lakini biashara haijafa, ndiyo maana wanunuzi wa masega hawakosi wateja. Sasa jiulize soda ni ya nani na mzigo ni wa nani.

Na ule wimbo wao wa "hayo ni mambo ya Wajapani, huku kwetu hayana kazi" ndio unaonikera kuliko yote. Masega yanachukua monoksidi ya kaboni na petroli ambayo haijaungua vizuri, yanavigeuza kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji, na zile oksidi za nitrojeni yanazivunja. Yakitolewa, huo uchafu wote unaenda kwa bodaboda aliyesimama nyuma yako kwenye foleni, na kwa mwanao kama una tabia ya kuipasha gari moto karibu na dirisha la chumba. Mapafu ya Mtanzania yametengenezwa kwa bati?

Haya, nikarudi nyumbani kuitafuta shida mwenyewe. Vile vidude vya bluetooth vya bei chee vya kusoma makosa ya gari mara nyingi vinagoma kwenye gari za umri wa IST yangu zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa sababu hazikufuata OBD2 yote, ule mfumo wa pamoja wa kusoma makosa hayo. Msibabaike. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya pini 16. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unaweka swichi on bila kuwasha injini, na taa yenyewe inakukonyezea namba ya kosa. Pini ya 16 usiiguse, ina moto wa betri muda wote. Ya kwangu ikakonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara moja. 21. Hiyo ni sensa ya oksijeni ya mbele. SENSA wakuu, siyo masega!

Ile sensa ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari moshi una oksijeni kiasi gani, na kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kufuata hayo. Ndani yake kuna hita ndogo ya umeme ya kuipasha haraka, maana ikiwa baridi haifanyi kazi. Hita ikikatika, kompyuta inabaki inakisia tu, na mara nyingi inakisia kwa kumwaga petroli nyingi. Ndiyo ile harufu ya asubuhi. Na petroli hiyo ya ziada ikiendelea kwenda kuungulia kwenye masega, itayaua kweli. Yaani fundi alitaka kumzika mgonjwa na ugonjwa akauacha unadunda.

Nikachomoa plagi ya sensa. Waya nne, mbili zina rangi moja, hizo ndizo za hita. Nikaweka mita ya umeme upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Hita nzima ikiwa baridi inasoma omu chache, kwenye Toyota nyingi ni kumi na kitu. Ya kwangu haikusoma chochote, waya umekatika ndani. Kipimo hicho ni cha dakika moja, na mita ipo kwenye kila duka la vifaa vya umeme.

Kuifungua ndiyo kazi. Spana namba 22, mafuta ya kulainisha kutu unapuliza mapema na kuyaacha yanywe, na gari ikae juu ya stendi, siyo jeki peke yake wala matofali, tusije tukasomeana risala hapa. Injini ikiwa na uvuguvugu inaachia kirahisi kuliko ikiwa baridi kabisa, ila siyo ya moto, utaungua. Sensa nikanunua mpya, laki na ushei, ya mtumba sikutaka hata kuisikia. Grisi ya nyuzi unapaka kwenye nyuzi za skrubu tu, kichwani isiguse. Na ile silikoni mnayopenda kupaka kila gasketi kama siagi, mvuke wa silikoni ya kawaida unaua sensa hizi, kwa hiyo wengine mnatengeneza ugonjwa halafu mnauza dawa. Nikachomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kupuliza petroli) kwa dakika kadhaa kufuta kumbukumbu ya kompyuta, nikarudisha, nikawasha. Taa kimya, harufu hakuna, mafuta yamerudi kwenye ulaji wake.

Jirani yangu mwenye Toyota Raum hakubahatika. Yeye alikubali ile "bure". Tulipoinama kuangalia, bomba limekatwa ubavuni na kufungwa kwa uchomeleaji wa mabonge, ukiligonga linalia tupu. Taa ikarudi. Alipowarudia wakamwambia imeisha, na kweli haikuwaka tena. Nikamwambia aweke swichi on bila kuwasha injini: taa zote kwenye dashibodi zikawaka kasoro hiyo moja. Wameitoa balbu! Mnaonunua magari ya mkononi, hicho ndicho kipimo cha kwanza kabla hamjaanza kubishana bei.

Sisemi masega hayafi. Yanakufa. Injini ikila oili yanachafuka, plagi ya cheche ikikata moto petroli inaenda kuyayeyusha. Ukigonga kopo lake kwa nyundo ya mpira linachezacheza ndani, au gari inakosa pumzi mlimani huku silensa inapumua kidogo tu, hapo tuongee. Lakini fundi aoneshe kwanza namba ya kosa na kipimo, na akiyatoa anipe mkononi, ni mali yangu niliyolipia ushuru bandarini.

Sasa nauliza, na msinijibu kwa matusi: kati yenu mliotolewa masega, kuna hata mmoja aliyekabidhiwa yake? Na mafundi mliomo humu, ile "bure" mnaifidia wapi?