Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilikufanya uwaamini polisi, au uache kuwaamini?

Naanza mimi. Nilinyang'anywa simu na kipochi nikishuka matatu pale Mutindwa, Nairobi, saa moja jioni. Nilifika kituoni natetemeka. Afande wa zamu hakuinua hata macho, akaniuliza kama nina uhakika sikuiangusha mwenyewe. Kesho yake nilirudi, nikampata afande mwingine, mama wa makamo. Alinipa kiti, akaandika maelezo yangu, akanisomea alichoandika, akanipa nambari ya OB, kile kitabu cha kuandikia matukio kituoni. Siku ya tisa alinipigia: "Bado hatujaipata, lakini tunafuatilia." Simu haijapatikana hadi leo. Ila kwa kupigiwa tu nilijua kwamba maneno yangu hayakutupwa. Nyinyi je?

Fundi wa Kariobangi: Mimi imani iliniishia kwenye msako. Nilikuwa natoka kazini saa tatu usiku, kitambulisho ninacho mfukoni, nikapakiwa kwenye Land Cruiser na wengine sita. Tukazungushwa mitaani tukiambiwa "jipangeni", yaani toeni hongo. Waliojipanga walishushwa njiani. Mimi nilikuwa na nauli tu, nikalala seli, alfajiri nikaambiwa niende nyumbani. Sikuelezwa kosa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka nielezwe papo hapo, tena kwa lugha ninayoielewa. Nilikisoma baadaye, nikaumia upya.

Mama Brayo, Mathare: Kijana wangu ana miaka 19. Ikipita saa nne hajaingia, napiga simu mara tatu, na si wezi peke yao ninaowaogopa.

Dada wa Kayole: Ndugu yangu alipigwa na mumewe. Kituoni tukaulizwa mia tano za fomu ya P3, ile daktari anayojaza kuhusu majeraha. Fomu hiyo ni bure! Nilisema hivyo kwa sauti, foleni nzima ikasikia, ikatolewa. Lakini asiyejua je?

Naibu wa Nyumba Kumi (mpango wa usalama wa majirani), Umoja: Kwetu OCS, yaani mkuu wa kituo, aliyepita alikuwa anakuja barazani, anajibu hadi maswali ya kumkera. Watu walianza kumpa habari za wezi wenyewe. Alipohamishwa, simu zikakoma.

Mwanzilishi wa mada: Fundi, IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa mambo kama hayo, na huhitaji wakili kulalamika.

Fundi wa Kariobangi: Tarehe naikumbuka. Nambari ya gari sikuishika.

Mwanzilishi wa mada: Andika tarehe, saa na kituo usiku huu kabla hujasahau. Jumatatu nakusindikiza.