Naomba ushauri: insha ya misafara ya Unyanyembe niipange kwa miaka au kwa hoja?

Shikamooni walimu, na habari zenu wanafunzi wenzangu. Nasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hapa Tabora, na insha yangu inahusu biashara ya misafara kati ya pwani, Unyanyembe (eneo la Tabora ya leo) na Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Nikifuata miaka, inakuwa orodha tu: 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, anaanza vita na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, 1884 anafariki, 1912 reli inafika Tabora, 1914 Kigoma. Sababu hazionekani. Nikifuata hoja, yaani bidhaa, mikopo, wapagazi na ushuru, picha inakuja: nguo na shanga zilikopwa Unguja, wapagazi wa Kinyamwezi wakazibeba hadi bara, pembe za ndovu zikarudi pwani kulipa deni. Njia ikifungwa, deni linalala. Lakini hapo matukio huchanganyika, na wengi humweka Mirambo Unyanyembe wakati makao yake yalikuwa Urambo. Kosa hilo linaua insha nzima, maana ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nani anaitawala njia na kutoza ushuru.

Nafikiria hoja nne, kila moja aya mbili, na aya fupi ya miaka mwanzoni. Inatosha?

La pili ni simulizi za wazee wa Kwihara, kijiji kilicho karibu na Tabora. Nitatenganishaje alichorithi mzee kwa babu yake na alichosikia kwa wageni wa makumbusho ya mvumbuzi Livingstone yaliyopo hapo? Nimepanga kuhoji wawili, kila mmoja peke yake, nikianza na "nani alikusimulia?" Waliowahi kuhoji, maswali mangapi yanafaa kabla mzee hajachoka?