Masta ya usalama na uhakika wa data: Kijitonyama, Kigali au Finland?

Mtandawaya
Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni ushauri wa haraka maana madirisha ya maombi yanakaribia kufungwa. Nataka kusoma masta ya usafirishaji wa data kwa usalama na uhakika, yaani data itoke hapa ifike kule ikiwa nzima, bila kudokolewa njiani na bila kupotea. Nimechuja nimebaki na tatu: CoICT, ndaki ya TEHAMA ya UDSM pale Kijitonyama, CMU-Africa, tawi la Carnegie Mellon ya Marekani lililopo Kigali, na ule mpango wa vyuo vya Ulaya wa SECCLO unaoanzia Chuo Kikuu cha Aalto, Finland. Ipi bora? Karibuni.

FaibaJuu
Bora kwa nani mkuu? Unauliza basi zuri bila kusema unakwenda mkoa gani. GPA ngapi? Digrii ya kwanza ulisoma nini? Unajilipia au unasaka ufadhili? Unataka kuwa mtafiti au upandishwe cheo kazini? Jaza hizo kwanza ndio tuongee.

BintiKijito
Na hesabu je? Wengi wanapenda neno usalama, wakifika huko wanakutana na aljebra ya fildi zenye ukomo na probabiliti wanaanza kuulizia kuhamia menejimenti 😂

WakiliWaBiti
Niko Nairobi, niliwahi kupitia mambo haya. Mleta uzi amefunga vitu viwili kwa kamba moja. Data kufika nzima ni nadharia ya habari ya Shannon 1948, kelele za njia, misimbo ya kurekebisha makosa ya Hamming 1950, ya Reed na Solomon 1960, na ile ya LDPC za Gallager ambazo zilikaa kabatini miaka thelathini hivi kabla watu hawajazikumbuka, leo ndizo zinabeba data kwenye 5G na misimbo ya polar ya Arıkan inabeba taarifa za udhibiti. Usalama nao ni kriptografia, yaani kuficha data, Diffie na Hellman 1976, funguo, TLS inayolinda tovuti na kadhalika. Shannon huyo huyo aliandika kuhusu siri mwaka 1949 lakini vyuoni siku hizi ni idara mbili, walimu wenyewe hata chai hawanywi pamoja. SECCLO ni usalama na klaudi, misimbo ya kurekebisha makosa utaisikia kwa mbali sana. Amua kwanza unataka gani, buda.

FaibaJuu
Hapo nakukatalia. Kazini huwezi kuvitenganisha. Chukua AES-GCM, njia ya kusimba data inayoweka na tagi ya kuhakiki kuwa haijaguswa, biti moja tu ikipinduka njiani tagi inagoma na paketi nzima inatupwa, itumwe tena. Kwenye linki ya setilaiti hiyo ni hela. Ndio maana unasimba data iwe siri kwanza halafu msimbo wa kurekebisha makosa unaupaka juu. GSM walifanya kinyume, waliweka msimbo kwanza ndio wakasimba, na mwaka 2003 akina Barkan, Biham na Keller wakautumia ule urudufu wa msimbo kuivunja A5/2, mojawapo ya njia za usimbaji za GSM, bila hata kujua neno moja la maongezi. Aliyesoma upande mmoja tu hawezi kuona kosa la namna hiyo.

WakiliWaBiti
Point hiyo nakupa. Lakini nitajie masta moja inayofundisha pande zote mbili kwa kina. Nasubiri.

Mtandawaya
Samahani wakuu nilikuwa zamu. GPA 3.6, nilisoma uhandisi wa mawasiliano, nafanya kazi chumba cha kufuatilia mtandao kwenye kampuni ya intaneti Dodoma. Hela sina, natafuta ufadhili. Nina mke na mtoto mdogo. Hesabu naipenda ila probabiliti ilinitoa jasho, BintiKijito umenisema mimi.

BintiKijito
Hayo ya mke na mtoto ndiyo ulitakiwa uanze nayo! Hapo Kijitonyama inapanda daraja, au hata chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru, Arusha, mbona hujaiorodhesha? Wamejikita kwenye utafiti, na unaweza kuchukua tatizo la hapa hapa. Mfano usalama wa USSD, zile menyu za nyota na reli kwenye simu. Watu wanatuma mishahara kwa USSD wakati kipande cha redio kinategemea tu usimbaji wa mtandao wa simu na hakuna usimbaji wa mwisho hadi mwisho kama kwenye app. Hiyo ni tasnifu nzima imekaa inakungoja.

MlimaKigali
Nipo CMU-Africa, nijibu mwenyewe nisisemewe. Digrii ni ya Carnegie Mellon yenyewe, cheti hakisemi tawi. Ufadhili upo kupitia Mastercard Foundation lakini sio kila mtu anapata, usije na matumaini ya redioni. Kuna MSIT, masta ya teknolojia ya habari, na kuna ECE, ya uhandisi wa umeme na kompyuta, ukitaka karibu na mambo ya mawimbi na misimbo angalia ECE, ukitaka usalama wa mitandao kaa MSIT. Kazi ni nyingi mno, wikiendi utaisikia kwa wenzio. Faida ni kwamba ukimkumbuka mtoto unapanda basi unarudi bongo, kutoka Finland huwezi.

Asiyechoka
Ngojeni niwape yangu maana naona watu mnachagua kwa majina. Mimi nilienda chuo kimoja Ulaya, sikitaji, programu ilikuwa na jina tamu kweli, mawasiliano salama na ya kuaminika, nikaona hii hapa ndiyo. Kwenye tovuti kulikuwa na somo la nadharia ya habari, la misimbo, na lile la usalama wa tabaka la chini kabisa, yale mambo ya Wyner ya 1975 ya kumficha msikilizaji haramu kwa kutumia kelele za chaneli. Nimefika, muhula wa kwanza naambiwa somo la misimbo halifundishwi mwaka huu, waliojiandikisha hawatoshi. Sawa. Muhula wa pili lile la Wyner mwalimu wake kahamia kampuni, somo limefutwa. Tukajaziwa masomo ya kupanga switchi na fayawoli, vitu ambavyo nilikuwa navifanya kazini kabla sijaondoka na nilikuwa nalipwa kuvifanya! Kwenye tasnifu nikapewa msimamizi wa uchakataji picha, mtu mstaarabu sana ila kila nikimuonyesha ukurasa wa uthibitisho ananiambia kaongee na fulani, fulani naye yuko likizo. Nilimaliza, cheti ninacho, lakini yale niliyoyafuata nilijisomea mwenyewe maktaba usiku. Kwa hiyo mleta uzi usisome orodha ya masomo, waandikie barua pepe uliza SOMO HILI LILIFUNDISHWA LINI MARA YA MWISHO na nani. Wasipojibu, jibu unalo.

FaibaJuu
Pole dada. Hili la mwisho liwekwe juu kabisa ya uzi.

Sultani_Munich
Mbona hamtaji Ujerumani? TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, wana masta ya Communications and Electronics Engineering, hapo nadharia ya habari inafundishwa kwelikweli sio kwa kugusa. Ila ile habari ya kusoma bure imeisha kwa sisi, toka muhula wa baridi wa 2024/25 wanatutoza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula kwa masta. Juu yake bado viza inataka akaunti iliyofungwa, yaani hela ya kujikimu unayoiweka benki mapema, euro 11,904 kwa mwaka. Bila DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, au ufadhili mwingine usijaribu.

Mtandawaya
Euro elfu kumi na moja?? 😳

MzeeWaZamu
Mnabishana kriptografia, mimi niwaulize. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini huko kusini, TLS 1.3 yenu ilimsaidia nani? Nchi nzima ilikuwa inahema. Uhakika wa data ni njia mbadala, ni BGP, ile itifaki ya mitandao kutangaziana njia, ni mikataba ya mkongo. Kijana asome rauting, upangaji wa njia za data.

WakiliWaBiti
Mzee na BGP ikitekwa je? 2008 Pakistan Telecom ilitangaza njia za YouTube kimakosa dunia ikazimiwa YouTube kwa saa mbili hivi. Hapo mikongo yote ilikuwa mizima. Njia bila uthibitisho ni hatari tu.

MzeeWaZamu
Sasa si ndio nasema asome rauting!

BintiKijito
Mmeanza 😂 Nyie wote mnakubaliana mnapigana.

Sultani_Munich
Mimi ningemwambia aangalie kompyuta za kwanta. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa FIPS 203, 204 na 205, viwango vya usimbaji na saini za kidijitali vinavyostahimili kompyuta hizo, Agosti 2024, watu watahamisha mifumo yao yote ya funguo na wataalamu ni wachache. Data inayorekodiwa leo inaweza kufunguliwa baadaye. Kazi ziko hapo.

FaibaJuu
Benki za kwetu bado kuna zinazotuma taarifa za akaunti kwa barua pepe na nywila ni tarehe ya kuzaliwa, wewe unawaletea kwanta.

WakiliWaBiti
Sisi huku tuna Starlink tangu 2023, nikicheki paketi zikipotea setilaiti zikibadilishana naona QUIC, itifaki mpya ya kusafirisha data, inavumilia kuliko TCP ya kawaida. Mtu afanye tasnifu hapo.

MzeeWaZamu
Bei yake kwa mwezi?

WakiliWaBiti
Inategemea kifurushi mzee, na sahani yenyewe uinunue au ukodishe.

MlimaKigali
Jamani turudi kwa kijana. Mtandawaya kwenye SECCLO angalia kama mwaka huu ufadhili wa Erasmus Mundus bado upo, ukipata ni euro 1,400 kwa mwezi, mwaka wa kwanza Aalto halafu wa pili unahamia chuo kingine. Kwa mtu mwenye familia pigia hesabu ya nyumba. Na cheti chochote cha nje kitapita TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kutambuliwa, hasa kama kazi yako ni ya serikali.

Mtandawaya
Asanteni sana. Kazi ni ya binafsi. Mke kasema Kigali anaweza kuja, Finland kasema niende mwenyewe na baridi yangu. Nimeshawaandikia Kigali na Kijitonyama lile swali la dada Asiyechoka. Sasa shida nyingine, wanataka barua za watu watatu wanaonijua kitaaluma, mwalimu wangu wa mradi amestaafu na simu haipokei. Barua ya bosi wa zamu wanakubali?

Asiyechoka
Moja ya bosi sawa, zote tatu za kazini hapana.

MzeeWaZamu
Bosi wako ni yule wa Dodoma? Namjua huyo, mpelekee barua ukiwa umeiandika tayari asaini tu.