Programu haina fomu 8621, sheria inaitaka: kosa ni la nani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Nina hoja inayoninyima usingizi tangu Februari, na nimeileta tubishane, sijaja kutafuta pole.

Kabla sijahamia Marekani nilikuwa nanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja nyumbani, kidogo kidogo kila mshahara ulipotoka. Nikaja huku, nikapata grinikadi, vipande nikaviacha vikae. Mwaka jana nikauza sehemu kumlipia ada mdogo wangu. Msimu wa kodi ulipofika nikafungua programu ninayoitumia miaka yote, nikajibu maswali yake, ikanipongeza kwamba nimemaliza. Mfuko wa nje haikuugusa kabisa.

Aliyenishtua ni shemeji. Kumbe vipande vile, kwa macho ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni hisa za kampuni ya nje inayoishi kwa mapato ya uwekezaji. Wenyewe wanaiita PFIC: kampuni ambayo asilimia 75 au zaidi ya mapato yake yanatokana na riba, gawio na mengine ya namna hiyo, au asilimia 50 au zaidi ya mali zake ni za kuzalisha mapato hayo. Kila mfuko unataka fomu yake, namba 8621. Nikairudia programu nikaitafuta. Haimo. Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kwa adabu kwamba fomu hiyo hawaihudumii, nichapishe ritani yote, yaani fomu zangu zote za kodi za mwaka, niipeleke posta.

Ninachosema mimi: serikali ikidai fomu, ni juu yake kuhakikisha mtu wa kawaida ana njia ya kawaida ya kuiwasilisha. Njia ikiwa haipo, asiyeiwasilisha asihesabiwe mkosaji. Haya, bisheni.

Kalamu ya Risasi

Mkuu, pole, lakini hapo nakupinga moja kwa moja. Nimewajazia watu ritani misimu mingi na hoja hii naisikia kila Aprili. Fomu ipo. Iko kwenye tovuti ya IRS, bure, pamoja na maelekezo yake. Sheria ya PFIC imetungwa mwaka 1986, wakati karibu ritani zote zilikuwa za karatasi na hakuna aliyedai programu. Programu ni kalamu tu. Kalamu ikiisha wino, deni halifutiki.

Mahakama nazo zimeshaongea. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Boyle: msimamizi wa mirathi alimwachia wakili kazi ya kuwasilisha ritani, wakili akachelewa, adhabu ikabaki kwa msimamizi. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 11 ikaipeleka kanuni hiyohiyo kwenye ritani za kielektroniki, kesi ya Lee. Mhasibu alituma ritani za miaka 3, mfumo ukazikataa, naye hakumwambia mteja. Mteja hakupona. Na mnamkumbuka Timothy Geithner? Mwaka 2009, akiwa anapendekezwa kuwa Waziri wa Fedha, iligundulika hakulipa sawasawa kodi ya miaka aliyokuwa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Baadhi ya ritani hizo alijaza mwenyewe kwa programu, na mbele ya maseneta akasema kosa ni lake. Sasa kama anayekwenda kuisimamia Hazina hakuweza kuisukumia programu lawama, wewe na mimi ni nani?

Binti Bahasha

Kaka Kalamu, kesi zako ni za watu waliochelewa. Mleta mada hajachelewa. Yeye anasema mlango wa mbele umefungwa na anaambiwa apande ukuta. Hayo ni mambo mawili.

Na huo ukuta si mfupi kama unavyousema. Ritani ya karatasi ikifika IRS, kwa miaka mingi imekuwa ikiingizwa kwenye mfumo na mtu, tarakimu moja moja. Msimu wa mwaka 2021 ulipofungwa, ritani zaidi ya milioni 35 zilikuwa zinasubiri kushughulikiwa kwa mikono. Mimi nilituma ya karatasi kipindi kile kwa sababu ya fomu moja ya kipuuzi, marejesho yangu yakakaa miezi tisa. Kodi yangu ilikuwa sahihi hadi senti. Kwa hiyo tusiseme karatasi ni njia sawa na nyingine.

Mpita Njia

Nyie mnajitesa. Vipande vya shilingi, mfuko uko ng'ambo, nani atajua? Faili 1040 yako, ile fomu kuu ya ritani, ulale.

Kalamu ya Risasi

Mpita Njia, ushauri huo kampe adui yako. Tangu sheria ya FATCA ya mwaka 2010, taasisi za fedha za nje zinawauliza wateja kama ni watu wa Marekani kikodi. Lakini tuache kukamatwa. Kawaida IRS ina miaka 3 ya kukagua ritani yako, baada ya hapo umepumua. Fomu 8621 iliyotakiwa isipowasilishwa, saa hiyo haianzi kuhesabu mpaka uipeleke, ndipo miaka 3 ianze. Ukiwa na sababu ya maana, kinachobaki wazi ni mambo yanayohusu mfuko huo tu. Usipokuwa nayo, ritani nzima inabaki wazi. Watu wanajifariji kwamba 8621 haina faini yake maalumu ya dola kama ilivyo 8938, fomu ya kuorodhesha mali za fedha za nje. Kweli haina. Badala yake una mlango usiofungika.

Fundi Daftari

Naona mnagombana kuhusu bahasha na posta, na hapo sipo nanyi. Bahasha ni kazi ya dakika ishirini. Tabu ya fomu hii ni hesabu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu watengeneza programu za bei nafuu wanaikwepa. Programu za wahasibu zinayo. Zile za mtu binafsi nyingi hazina, kwa sababu wateja wa fomu hii ni wachache na hesabu ikikosewa lawama ni kubwa.

Chukueni mfano. Mtu amenunua vipande mara moja tu, Januari 2019, akauza vyote mwishoni mwa Desemba 2024, na miaka yote hiyo alikuwa mkazi wa kikodi huku. Faida dola 1,800. Kama hajachagua utaratibu mwingine, faida inagawanywa sawasawa kwa siku alizokaa na vipande, yaani karibu dola 300 kila mwaka. Za mwaka wa kuuza zinaingia kwenye mapato yake ya kawaida. Zile za miaka 5 ya nyuma zinatozwa kiwango cha juu kabisa cha kila mwaka husika, na tangu 2018 kiwango hicho ni asilimia 37, hata kama yeye mwenyewe yuko daraja la asilimia 12. Hiyo ni dola 111 mara 5, jumla 555. Juu yake riba, kana kwamba alichelewa kulipa tangu kila mwaka ule. Faida hiyohiyo angeipata kwenye mfuko wa Marekani, angelipa asilimia 15, dola 270, na kwa kipato kidogo pengine sifuri.

Sasa rudini kwa mleta mada. Hakununua mara moja, alinunua kila mshahara. Kila ununuzi una tarehe yake, gharama yake na hesabu yake. Manunuzi 40 ni hesabu 40, na karatasi ya kuzionyesha inaambatanishwa. Zaidi ya hapo, siku ambazo bado hakuwa mkazi wa kikodi wa Marekani hazibebi hiyo asilimia 37 wala riba. Sehemu yake inaingia kwenye mapato ya mwaka wa kuuza. Kwa hiyo lazima ajue siku aliyoanza kuwa mkazi. Hebu niambieni ni programu gani ya kubofya "endelea" itamuuliza mtu hayo yote.

Kuna njia mbili za kukwepa utaratibu huu na zote kwa watu wetu ni finyu. Ya kwanza, mfuko ukupe kila mwaka taarifa maalumu ya mapato yake kwa kanuni za Marekani. Niliuandikia mfuko wangu nikiomba hiyo taarifa. Wakanitumia taarifa ya salio na kalenda. Ya pili ni kulipa kodi kila mwaka kwa kupanda kwa thamani hata kama hujauza, nayo ina masharti ambayo si kila mfuko unayatimiza.

Binti Bahasha

Kalenda! Angalau umepata kitu cha ukutani.

Mwana wa Pwani

Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Mimi ni mwanafunzi, viza ya F-1, mwaka wa pili. Nina vipande vya kama dola 900 nyumbani. Na mimi nimo?

Kalamu ya Risasi

Marahaba. Kwa kawaida mwenye F-1 miaka 5 ya kwanza siku zake hazihesabiwi kwenye kipimo cha ukazi, kwa hiyo unafaili kama asiye mkazi na 8621 haikuhusu. Ukioa au kuolewa na raia mkachagua kufaili pamoja kama wakazi, rudi hapa tuongee upya.

Na kwa wote: hisa za kampuni inayofanya kazi, ya simu au ya saruji, kwa kawaida si PFIC. Hatifungani ya serikali uliyonunua mwenyewe nayo si PFIC. Mfuko ndio wenye kesi.

Mleta mada

Fundi, umenitia hofu na umenifungua macho kwa pamoja. Lakini mbona nimesoma kwamba ukiwa na chini ya dola 25,000 hudaiwi fomu? Vyangu havifiki hata robo.

Fundi Daftari

Huo ndio mtego wenyewe. Msamaha upo: jumla ya PFIC zako zote siku ya mwisho ya mwaka isizidi dola 25,000, au 50,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja. Lakini ni kwa mwaka ambao umekaa kimya. Ukiuza kwa faida, hata dola 40, msamaha kwa mfuko ule umeyeyuka. Hali kadhalika ukipokea gawio lililozidi asilimia 125 ya wastani wa miaka 3 iliyopita.

Ila neno ni *faida*, na faida hupimwa kwa dola. Tuseme ulinunua kwa shilingi 1,000,000 dola ikiwa 2,300, ukauza kwa 1,120,000 dola ikiwa 2,600. Kwa shilingi umevuna 120,000. Kwa dola uliweka kama 435, ukatoa kama 431. Umepata hasara ya dola 4. Kabla hujalia, piga hesabu ya kila ununuzi hivyo.

Binti Bahasha

Mnaona sasa? Sheria ya mwaka 1986 ilitungwa kuwabana Wamarekani waliokuwa wanaficha faida kwenye mifuko ya nje ili waahirishe kodi, wakati mwenye mfuko wa ndani analipa kila mwaka. Sawa, hilo nalielewa. Lakini wavu uliotegewa papa leo unanasa dagaa wa ada ya shule. Mimi sidai watu wasamehewe kwa sababu programu haina fomu, hapo Kalamu ameshinda. Nadai msamaha wa 25,000 uguse na mauzo madogo. Ukiguswa, hata swali la programu linakufa, maana wanaobaki ni wale wenye uwezo wa kumlipa mhasibu.

Na msinitajie Direct File, ile programu ya bure ya IRS yenyewe. Ilijaribiwa mwaka 2024 kwenye majimbo 12, ilikuwa nzuri kwa mwenye mshahara na riba ya benki. Fomu kama hii haikuwahi kuwamo.

Kalamu ya Risasi

Dada, kwenye kiwango cha msamaha sina ubishi. Nimekubali. Ninachokataa ni mtu kuitafsiri "programu haina" kuwa "sidaiwi". Na angalau programu ingepaswa kuuliza, hilo nalo nakubali. Ikuambie mapema, "kama una mfuko wa nje, mimi siyo ya kukumaliza," kabla hujalipia.

Mleta mada

Nimemaliza hesabu jana usiku, nimetumia daftari na kikokotoo. Manunuzi 31 yaliyouzwa: 22 ni hasara kwa dola, 9 yana faida. Faida yote ya hayo 9 ni dola 63. Kwa ajili ya dola 63 nachapisha ritani nzima. Niseme ukweli, hoja yangu ya kwanza imelegea: nilikuwa na njia, sikuipenda tu. Ya Binti Bahasha naibeba kama yangu.

Swali la mwisho la kiutendaji. Siwezi kutuma 1040 kwa mtandao, halafu 8621 peke yake ikafuata kwa posta na ile fomu 8453, ya kupelekea karatasi za ritani iliyotumwa kwa mtandao?

Kalamu ya Risasi

Hapana. 8453 hubeba fomu zilizoorodheshwa juu yake tu, na 8621 haimo. Mfumo wa IRS unapokea viambatanisho vya PDF, lakini mpaka programu yako ikuruhusu kuviweka, na yako umesema hairuhusu. Chapisha yote. Kwenye 1040, mstari wa 16, weka alama kisanduku cha 3 na uandike 1291TAX pamoja na kiasi. Panga fomu kwa namba ya mfuatano iliyo juu kulia ya kila moja. Tuma kwa barua ya rejista utunze risiti, kwa sababu muhuri wa posta ndio tarehe yako. Anwani iangalie vizuri, inategemea jimbo na kama umeweka hundi ndani. Na kama salio za akaunti zako za nje kwa pamoja ziliwahi kupita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, FBAR, ripoti ya akaunti za nje, inakwenda kwa mtandao FinCEN, kitengo cha Hazina cha uhalifu wa fedha, usiitie kwenye bahasha hii.

Halafu saini. Kwa kalamu ya wino, wewe na mkeo kama mnafaili pamoja. Nimeona bahasha ya hesabu safi ikirudishwa baada ya miezi minne kwa sababu mke alikuwa safarini.

Mleta mada

Yuko safarini. Anarudi Alhamisi.

Binti Bahasha

Basi Ijumaa asubuhi, posta. Mwisho ni tarehe 15 Aprili.