Tausi wangu anakula mkononi ila hashikiki, nataka kumpeleka maonyesho. Naombeni msaada

Mgeni_wa_Tausi:
Wakuu habari za saa hizi. Nina tausi dume wa buluu, miaka mitatu anaelekea minne, mkia umeshakamilika, yani akiutandaza unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nataka kumpeleka maonyesho ya mifugo, bado kama wiki nane hivi. Tatizo ni moja tu, huyu jamaa anakula karanga mkononi kwangu bila wasiwasi lakini ukimgusa anageuka jini. Juzi nikasema leo namkamata liwalo na liwe, ilikuwa saa nane mchana, nikamkimbiza bandani karibu robo saa, mwisho nikamdaka mkia, akachomoka, mimi nimebaki na manyoya kumi na tano mkononi na yeye yuko juu kwenye fito anahema mdomo wazi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, mimi nilitaka kulia.

Sasa naomba kujua, tausi anashikwaje bila kuumia yeye wala mimi, maana ile miba ya mguuni siyo mchezo. Alafu kuna jamaa kanishauri nimfunge kamba mguuni niwe natembea nae taratibu azoee, eti ndo wanavyofanya wenye vipanga. Na je siku yenyewe anakaa kwenye kitu gani? Manyoya yatarudi kabla ya maonyesho?

Fito_Juu:
Pole sana mkuu. Nianze na hiyo kamba maana ndo itakayokuua ndege. USIMFUNGE KAMBA MGUUNI. Kipanga amezoeshwa tangu mdogo kukaa kwenye mkono na ile mikanda yake ya ngozi, na hata yeye akifungwa vibaya anaumia. Tausi akishtuka hatembei, anaruka wima kama kafyatuliwa, mwili wa kilo nne mpaka sita unapaa kwa nguvu zote alafu ghafla mguu mmoja unavutwa na kamba. Hapo ni ama paja limeteguka ama mfupa umekatika, na mguu wa tausi ni mrefu, ukikatika kupona vizuri ni bahati. Nimeona mmoja alivyofungwa, sitaki kusimulia.

Na kuhusu manyoya, usimlaumu sana, ndege wengi wa jamii ya kuku wakikamatwa na kitu kutoka nyuma wanaachia manyoya makusudi, adui abaki na manyoya yeye asepe. Wewe ndo ulikuwa chui hapo hahaha.

Mama_Vifaranga:
Kaka pole, hilo la kukimbiza mchana wengi tumepitia. Ngoja nikueleze ninavyofanya mimi, nina tausi kumi na kitu sasa na sijang'oa mkia mwaka wa sita huu.

Kwanza usimkamate mchana kama siyo lazima. Ndege hatoi jasho, joto analitoa kwa kuhema, kwahiyo ukimkimbiza juani robo saa unampika kutoka ndani, na wengine misuli inaharibika kabisa kwa zile purukushani na hofu, anaonekana mzima leo, kesho hasimami, keshokutwa kafa na wewe unasema kalogwa. Subiri usiku, saa moja au mbili baada ya giza kuingia, akiwa amelala kwenye fito. Tausi gizani haoni vizuri, anakaa kama mzigo. Nenda na mtu wa pili, tochi ndogo, tena ukiweza izibe kwa kitambaa chekundu mwanga uwe hafifu. Msiongee sana.

Sasa kushika. Msogelee kwa upande siyo kwa nyuma, mikono yote miwili ishuke kwa pamoja juu ya mabawa, umbane mwilini, yani kama unavyokumbatia mtoto anayetaka kukimbia. Bawa moja likikuponyoka hapo ndo vita inaanza. Ukishambana, mkono mmoja upite chini ukamate miguu YOTE MIWILI kwa pamoja, juu ya kile kiungo cha katikati, karibu na mapaja, kidole kimoja kikae katikati ya miguu isisagane. Usishike mguu mmoja hata kwa sekunde. Hapo miba yake haikufikii tena. Alafu unamweka kwapani kichwa kikiangalia nyuma yako, mkia unatokea mbele, na yule mtu wa pili kazi yake ni moja tu, kuubeba mkia usiburuzike wala usikunjike. Nasisitiza kazi moja tu, maana mume wangu huwa anaanza kupiga picha.

Kitu ambacho watu hawajui, ndege hana kile kiwambo cha kupumulia kama sisi, anapumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kifua. Ukimbana kifua kwa nguvu ukidhani unamtuliza, kweli atatulia, maana anakosa pumzi. Mkono ushike mabawa na miguu, kifua kiachwe huru kipande na kushuka. Na kumning'iniza kichwa chini kama kuku wa kupeleka kwa mtu, hapana.

Mwisho soksi. Chukua soksi safi ya pamba, ikate pale kwenye vidole, mvalishe kichwani afunike macho, mdomo na pua vitokeze kwenye tundu. Akiwa haoni anashusha pumzi mwenyewe. Ila angalia shungi, lilaze nyuma kabla ya kuvuta, ukilivunja hilo na majaji wanaona na wewe utaona kila siku.

Kisoda:
Dada Mama_Vifaranga umemaliza kila kitu, ila kwa soksi mimi natofautiana kidogo. Kwa kukata kucha au kumpaka dawa ya utitiri sawa, dakika tano kumi. Lakini watu wanamvalisha safari nzima, kwenye joto, hapo mimi sikubali. Safarini giza litoke kwenye boksi lenyewe.

Mama_Vifaranga:
Hapo uko sahihi, mimi pia navua akishaingia kwenye boksi. Ningesema mapema.

Mzee_Banda:
Wanangu mmeongelea kushika, lakini huyu bwana ameuliza maonyesho. Kushika ni nusu ya safari, na kusema kweli ukimfundisha vizuri utamshika mara mbili tu, siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Tausi haumfundishi kushikwa, unamfundisha kizimba. Leo hii weka kizimba cha maonyesho ndani ya banda lake, mlango wazi, umefungwa na waya usije ukajifunga wenyewe ukamtisha. Chakula cha kawaida anakula palepale alipozoea, lakini vile vitu anavyovipenda, karanga zisizo na chumvi, funza wakavu, anavipata mlangoni mwa kizimba tu. Siku kadhaa mlangoni, alafu hatua moja ndani, alafu mwisho kabisa. Usimfungie siku ya kwanza alipoingia!! Hapo wengi wanaharibu, kwa tamaa, na ndege akishakushtukia unaanza upya. Aingie atoke mara nyingi mpaka aone ni sehemu yake. Alafu unafunga dakika moja huku anakula, unafungua kabla hajaanza kuhangaika. Kesho tatu. Ukifika nusu saa anajisafisha manyoya humo ndani basi umefaulu, maana ndege mwenye hofu hajichani.

Nilikuwa na tabia ya kupiga mluzi kabla ya kutoa karanga, mluzi uleule kila siku. Siku ya maonyesho palikuwa na kelele mpaka nikadhani ataparamia paa, nikapiga mluzi akageuza shingo akanitafuta. Fanya hivyo.

Zoesha na vurugu nyingine pia. Redio bandani, kwanza chini alafu unapandisha. Mwamvuli unaofunguka, mfuko wa plastiki unaopepea, watoto wawili watatu wapite. Jaji anaweza kuja na kijiti cha kumgusa asimame vizuri, basi na wewe mguse na kijiti kirefu begani taratibu, karanga, mguse, karanga.

Kizimba chenyewe kiwe na paa laini, neti au turubai lililolegea, maana akishtuka anaruka wima, na paa la waya mgumu au mbao linamchuna kichwa mpaka mfupa. Fito iwe juu kiasi mkia usiguse sakafu. Kitu cha safari ni kingine, hicho kiwe chembamba asiweze kujigeuza, akijigeuza ndo anavunja mkia. Langu ni la plywood, upana sentimita 45, kimo sentimita 60 na ushee, urefu unampimia ndege wako kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia. Matundu ya hewa pande mbili chini na juu, zulia kuukuu chini asiteleze. Anaingizwa kichwa kwanza na anatolewa mbele, kwahiyo milango miwili, msije mkaanza kumvuta kinyumenyume.

Mgeni_wa_Tausi:
Daah wazee mmenifungua macho. Kamba nimeshaitupa. Mzee_Banda wiki nane zinatosha? Na yale manyoya kumi na tano bado hamjanijibu, au mnanionea huruma.

Mzee_Banda:
Kwa anayekula mkononi zinatosha, mradi kila siku, hata dakika kumi. Siyo jumamosi masaa matatu.

Fito_Juu:
Manyoya sasa. Unyoya uliovunjika hauoti mpaka ule mzizi wake udondoke wakati wa kupukutika, ila uliong'oka wote unaanza kuota upya mwenyewe. Shida ni urefu, ule mkia una manyoya ya mita na zaidi, hayo yanachukua miezi, kwa wiki nane utaona vijiti vifupi tu. Na hivyo vijiti vina damu ndani vikiwa vinaota, ukivivunja vinachuruzika, kwahiyo ndo sababu nyingine ya kutomshika hovyo kipindi hiki. Kumi na tano ukiyatoa kwenye mkia mzima pengo halitaonekana sana akifungua, labda kama umeng'oa yote upande mmoja.

Lakini kuna swali kubwa zaidi, hayo maonyesho yanaangukia kipindi gani kwake? Maana dume anapukutisha mkia wote kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha. Kama ameshaanza kupunguza kelele na unaokota manyoya marefu asubuhi mawili matatu, wiki nane zijazo utakuwa na dume lenye mkia kama wa jike, na hakuna dawa. Yatakayobaki ni yale mafupi magumu 20 ya chini, mkia wenyewe wa kweli, yale yanayousimamisha huo urembo.

Mgeni_wa_Tausi:
Bado anapiga kelele usiku kucha majirani wanajua, na mitetea miwili anaifukuzia kutwa. Manyoya ya kuokota sijaona zaidi ya niliyong'oa mwenyewe.

Fito_Juu:
Basi una nafasi. Ila dume kwenye msimu ni mkorofi, hasa huyu asiyeogopa watu. Hao waliokulia mikononi wakikomaa wanakuona wewe dume mwenzao, watakurukia na miba mbele. Usimpe mgongo na watoto wasiingie bandani peke yao.

Kisoda:
La mwisho kutoka kwangu maana hakuna aliyegusa. Omba waandaaji wasimweke jirani na kuku. Kuna ule ugonjwa wa ini na utumbo, blakihedi, kijidudu chake kinasafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, kuku mwenyewe anadunda tu haonyeshi kitu, tausi anaanza kuharisha njano na kusinzia mabawa yameshuka. Na akirudi nyumbani usimrudishe kwa mitetea, mtenge siku 30, na wewe ukitoka kwake unabadili viatu. Mimi sikufanya hivyo mara moja tu, nikazika wanne.

Mgeni_wa_Tausi:
Nimeelewa. Kizimba kimeshaingia bandani leo jioni, mlango nimeufunga na waya ubaki wazi. Amekizunguka mara tatu, akakipigia kelele, akaenda kulala. Mtetea mmoja ndo kaingia akamaliza karanga zote.

Mzee_Banda:
Mwache aingie. Dume atamfuata.